Inkishafi: Mizani Yake, Vina Vyake, na Yule Asemezwaye



Baadhi ya ndugu wanaohudhuria darasa yetu hapa Kombani wametuuliza swali ambalo twaona halifai kujibiwa kwa maneno mawili na kuachwa. Swali lenyewe ni hili: mtu anayeisoma Al-Inkishafi kwa nia ya kupata mawaidha, ana haja gani ya kuhesabu mizani na kupambanua vina? Si kazi ya malenga hiyo, na mwenye kutafuta dini yamtosha maana? Na nyuma ya swali hilo palikuwa na shauri, nalo ni kwamba utungo huu, kwa kuwa umetungwa kwa Kiamu cha zamani, uandikwe upya kwa Kiswahili cha skuli, ili vijana wa Matuga, Tiwi, Ukunda na Msambweni waufahamu pasina mkalimani.

Shauri hilo limetoka katika nia njema, wala hatumlaumu aliyelitoa. Kijana ambaye nyumbani kwao husemwa Kidigo, na skulini amefundishwa Kiswahili cha vitabu, akikutana na Kiamu cha miaka mia mbili iliyopita hujiona kama mgeni aliyeshushwa bandari asiyoijua. Lakini sisi shauri hilo twalikataa, na hoja zetu si za kuwapendelea watu wa Lamu na Pate wala za kuyatukuza mambo kwa kuwa ni ya kale. Hoja zetu zimo ndani ya umbo la shairi lenyewe, na kwa hiyo hatuna budi kulifungua umbo hilo mbele ya msomaji, kiungo baada ya kiungo, ahukumu mwenyewe.

Kwanza tumtaje mtunzi. Yeye ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, sharifu wa Pate katika ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim, aliyeishi katika karne ya 18 na kuingia karne ya 19 ya Miladi. Aliuona mji wa Pate, uliokuwa na enzi na mali na biashara ya kupita bahari, ukipungua na kubomoka mbele ya macho yake. Utungo wake ulisalimika katika nakala za mkono zilizoandikwa kwa harufi za Kiarabu. Ukapigwa chapa mwaka 1915 katika kitabu cha Stigand juu ya lahaja za Kiswahili, pamoja na tafsiri ya W. E. Taylor, kisha William Hichens akautoa kitabu peke yake huko London mwaka 1939, na James de Vere Allen akautoa tena mwaka 1977. Beti zake ni karibu na 80, na nakala hazikubaliani sawasawa katika idadi yake. Neno lenyewe inkishafi ni la Kiarabu, na maana yake ni kufunuka: kuondoka pazia kitu kikaonekana.

Ama lile swali la kama ushairi wafaa kushughulikiwa na mtu wa dini, hatutakawia hapo. Mwisho wa Suratu Sh-Shuaraa, sura ya 26, washairi wametajwa kwa lawama, kisha wakavuliwa katika lawama hiyo wale walioamini na kutenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Na Hassan bin Thabit, radhi za Mungu zimshukie, alikuwa mshairi wa Mtume (s.a.w.) mbele ya Mtume mwenyewe. Mlango huo basi u wazi, na twaingia.

Mizani ni silabi, yaani kila pigo moja la sauti katika neno. Mwanafunzi wa darasa ya kwanza yamtosha kuanza na maneno ya kila siku. Sentensi hii, "Kombani ni njia panda", ni ya kweli, kwani ndipo barabara ya Likoni inapoachana na ile ipandayo Kwale. Tena ina mizani minane kamili: ko-mba-ni-ni-nji-a-pa-nda. Minane ndiyo mizani ya kipande cha utendi, kama ule wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, na ndiyo mizani ya nusu moja ya mshororo wa shairi la kawaida, kama yale ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Sasa isikilize sentensi nyingine, ambayo kila anayesimama hapa njia panda asubuhi ameitamka kwa majuto: "Gari la Likoni limepita." Hiyo ina mizani kumi. Na ukiisema polepole utaona ulimi wapenda kutua kidogo baada ya neno Likoni: sita, kisha nne. Hayo, ndugu msomaji, ndiyo mapigo ya Inkishafi. Kila mshororo kwa kawaida una mizani kumi, na kituo baada ya ya sita.

Njia ya kujifunza ni vidole. Hesabu vitano vya mkono wa kushoto, kisha gumba la mkono wa kulia ndilo la sita, hapo tua. Vidole vinne vilivyobaki ndivyo kipande cha pili. Tumewaona watoto wa chuo wakiishika hesabu hii kwa siku moja, na watu wazima wakiishindania kwa wiki, kwa sababu mtu mzima hupenda kuhesabu herufi anazoziona na mtoto huhesabu sauti anayoisikia. Mathalan mbuyu na mbuzi: machoni yaanza sawasawa, lakini masikioni mbuyu ni mizani mitatu, m-bu-yu, na mbuzi ni miwili, mbu-zi. Asiyeyatofautisha hayo atawasingizia malenga makosa wasiyoyafanya. Na maneno yaliyotoka Kiarabu yana mtihani wake peke yake. Bismillahi waweza kuisoma kwa mizani minne, au ukaivuta ile sini ikasimama pigo zima, ikawa mitano. Dhikri yaweza kuwa miwili, na yaweza kufunguliwa ikawa dhikiri, mitatu. Mtunzi wa zamani, aliyeyajua Kiarabu na Kiswahili yote mawili, alilikunja neno au kulikunjua kwa kadiri ya haja ya mshororo, na msomaji anayejua kwamba hesabu ni kumi hujua papo hapo lipi alikusudia.

Hapa yafaa tuseme jambo moja juu ya Waarabu, kwa kuwa wako wadhanio kwamba mizani yetu imechukuliwa kwao nzima nzima. Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, aliyeishi katika karne ya pili ya Hijra, ndiye aliyeziweka bahari za ushairi wa Kiarabu, na hesabu yake ni ya silabi ndefu na fupi, zifuatanavyo. Kiswahili hakina urefu na ufupi wa namna hiyo wenye kubadilisha maana ya neno. Kwa hiyo wazee wetu waliipokea kafia, wakaipokea jina la bahari, wakaipokea adabu ya kuanza kwa Bismillahi na sala juu ya Mtume. Lakini kupima wakapima kwa kipimo cha ulimi wao. Hilo ni jambo la kujivunia, na twashangaa halitajwi mara nyingi.

Kile kituo baada ya mizani ya sita tusikipite mbio, kwani ndani yake mna siri. Shairi la minane kwa minane lina pande mbili zilizo sawa, kama mizani ya duka yenye visahani viwili. Ndiyo maana lafaa sana kwa hoja na jawabu, na Muyaka alilitumia hivyo katika magomvi ya Mombasa na Lamu, apigapo na apigwapo. Inkishafi haikutaka magomvi. Upande wake wa kwanza ni mrefu na wa pili ni mfupi. Sauti yapanda kwa sita, kisha yaishia kwa nne kabla sikio halijatosheka. Ni kama mtu anayesema na nafsi yake usiku: aanza neno kwa nguvu, pumzi ikapungua akanyamaza. Shairi likisomwa kwa haraka, au msomaji akitua baada ya tano kwa ajili ya mahadhi aliyoyapenda yeye, hali hiyo hupotea yote. Tumewasikia wenye sauti nzuri mno wakilisoma namna hiyo, watu wakawasifu, na hakuna aliyeondoka na kitu.

Sasa vina. Ubeti wa Inkishafi una mishororo minne. Mitatu ya kwanza yaishia kwa kina kimoja, na kina hicho chabadilika ubeti kwa ubeti. Mshororo wa nne hauwafuati wenzake: huo waishia kwa ye. Na ubeti wa pili hivyo hivyo, mitatu kwa kina kipya, wa nne kwa ye. Na wa kumi, na wa hamsini, mpaka mwisho wa utungo. Umbo hili la vina ni lile la utendi. Lililozidi ni urefu wa mshororo tu.

Wengi waliofundisha shairi hili huishia hapo. Husema, "Kina cha bahari ni ye," wakafunga kitabu. Sisi twauliza: kwa nini ye? Mtunzi hodari alikuwa na hiyari ya kuchagua. Utendi wa Mwana Kupona waishia kwa ya, kina chepesi, kwa kuwa maneno ya Kiswahili yenye mwisho huo hayahesabiki. Kuishia kwa ye beti karibu na 80 si kazi nyepesi.

Jawabu limo katika sarufi ya Kiamu. Lahaja za kaskazini zilihifadhi namna ya zamani ya kutaja tendo lililokwisha kutendeka, nayo huishia kwa iye au eye. Sisi twasema wamelala. Katika lugha ya utungo huu husemwa walaliye. Sisi twasema wamekufa. Wao husema wafiye. Zingatia basi lilivyo jambo hili. Mtunzi amechagua kina ambacho mlango wake mkubwa ni kitenzi cha jambo lililopita na kumalizika. Mishororo mitatu yaweza kueleza nyumba, na mapambo, na taa, na watu wakitembea kwa maringo. Sauti ya vina yabadilika kama dunia ibadilikavyo. Kisha waja mshororo wa nne, na mara nyingi mno wafunga kwa kitenzi kinachosema limekwisha. Si katika kila ubeti, tusizidishe. Pengine ye hutokana na kitenzi cha kuamrisha au kutaka, pengine na kirejeshi kama katika aliye, pengine na umilikaji kama katika nduguye. Lakini sikio likishazoea, hata zile nyingine hupata rangi ya hizo za kwanza. Mwisho wa kila ubeti mlango hufungwa kwa sauti ile ile, na msikilizaji huanza kuungoja kufungwa kwake kabla haujafungwa. Mtu anayekaa akingojea mwisho ambao anajua hauna budi kuja, tena akiwa amesahaulishwa kidogo na uzuri wa mishororo mitatu: hiyo ndiyo hali ambayo mtunzi alitaka kutuonyesha kwamba tumo ndani yake, na ametuingiza kwa kina kabla hajatueleza kwa maneno.

Sasa lirejee lile shauri la kuliandika shairi kwa Kiswahili cha skuli. Katika darasa yetu tuliwapa vijana wenyewe kazi ya kulijaribu, beti chache tu. Walipofika kwenye walaliye waliandika wamelala. Mizani haikupungua, ni minne kwa minne. Lakini kina kimekufa, na kamba iliyozifunga beti zote imekatika pahali pamoja. Walipofika penye mtima waliandika moyo, na mizani mitatu ikawa miwili, mshororo ukachechemea. Iwapi ikawa iko wapi, mitatu ikawa minne, mshororo ukamwagika. Mato yakawa macho, na hapo mizani imesalimika, ila kama mato yalikuwa mwisho wa mshororo yakisimama pamoja na wenzake wawili wenye to, basi hao wawili wamebaki mayatima. Kijana mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa na bidii kuliko wote katika kulitetea shauri lile, aliiweka kalamu chini akasema, "Hii tumeitia viraka mpaka kanzu haionekani." Hatukuwa na la kuongeza.

Na kuna faida nyingine ya mizani na vina, ambayo wasomao kwa harufi za Kirumi hawaijui. Nakala za kale ziliandikwa kwa harufi za Kiarabu, ambazo irabu zake ni tatu: fatha, kasra na dhumma. Kiswahili kina irabu tano. Kasra moja hubeba i na e, na dhumma moja hubeba u na o. Tena harufi za Kiarabu hazina p wala v wala ch kwa asili yake, na waandishi wengine hawakuzitofautisha. Mtu apokeapo waraka wa namna hiyo, ataulizaje kama neno la mwisho husomwa kwa i au kwa e? Vina ndivyo vitakavyomjibu: ikiwa bahari ni ye, basi kasra hiyo ni e. Na mwandishi aliyeruka neno kwa usingizi, mizani humfichua, kwa kuwa mshororo wa kumi umekuwa wa saba. Basi anayesema kuhesabu mizani ni kazi ya malenga peke yao asahau maneno hayo. Kwa mizani na vina maneno ya Sayyid Abdalla yamelindwa katika mikono ya waandishi wengi mpaka yakatufikia, na sisi watu wa darasa hatuwezi kulidharau kila lindalo maneno ya wema yasigeuzwe.

Tuingie katika bayani, yaani mifano na mafumbo. Mwanafunzi aliyesoma kidogo elimu ya balagha atayatambua majina: tashbihi, istiara, tibaqi. Inkishafi inazo zote, wala hatutazichambua moja moja kama mtu ahesabuye shanga. Twataka kuonyesha mpango wake. Kwanza mtunzi aieleza dunia kwa mifano mifupi mifupi yenye kufuatana: bahari iliyochafuka, yenye miamba, mazigazi yanayoonekana kama maji, mwenye kiu akayakimbilia, asipate ila jua na majuto, kisima kisicho ukingo, na kando yake ndama dume apigaye pembe kila amkaribiaye. Mifano hii yote ni ya vitu vilivyo wazi, nje, vikubwa, na hakuna jina la mtu ndani yake. Msomaji asema ni kweli, dunia ndivyo ilivyo, na roho yake bado imetulia, kwani dunia ni neno pana na kila mtu adhani ni ya jirani yake.

Kisha mfano wapungua ukubwa. Waja mfano wa taa iliyowekwa penye upepo, ambayo hapana awezaye kuizuia isizimike. Punde ilikuwapo, punde haipo. Taa ni kitu cha nyumbani. Na kwa taa hiyo mtunzi atuingiza majumbani mwa mabwana wa Pate.

Hapo ndipo penye utajiri wa shairi hili, na msomaji asiwe na haraka. Twaonyeshwa kumbi zenye kung'ara kwa taa za kioo na shaba, vitanda vya fahari na mito yake, na kuta zenye zidaka, yaani vile vishubaka vilivyochongwa ukutani, zilizopangwa sahani za Kichina. Kisha, pasipo onyo, twaonyeshwa zidaka zile zile na ndani yake wamelala makinda ya ndege wa mwitu. Popo wananing'inia penye dari. Buibui ametanda penye mapambo. Mende wavuma vyumbani, na ngende, yaani nyenje wa usiku, walia katika kumbi walipokuwa wakizungumza watu.

Hiyo ndiyo tibaqi, kuweka kitu na kinyume chake pamoja. Lakini tazama namna yake. Mshairi dhaifu angesema: ilikuwa nzuri, sasa ni mbaya. Sayyid Abdalla hakusema mbaya. Amewaleta wapangaji wapya. Kila kilichokuwa na mwenyewe kimepata mwenyewe mwingine, na nyumba haikubaki tupu hata siku moja. Tena ameyajaza masikio yetu pamoja na macho: palipokuwa na vumi la watu pana vumi la wadudu, na vina vya mende na ngende vyakutana kwa sauti ile ile ya pua, kiasi kwamba ukisoma kwa sauti utausikia usiku wa nyumba iliyohamwa. Sisi tuliolala katika nyumba za mawe za zamani twaijua sauti hiyo. Na asiyefika Pate aende Gazi, saa moja tu kwa gari kutoka hapa, akasimame mbele ya nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha arudi aisome sehemu hii.

Baada ya nyumba yaja maswali. Wako wapi? Yuko wapi fulani, na fulani? Waarabu huiita namna hii istifham, swali lisilotaka jibu, na hutumiwa tangu zamani katika mawaidha ya lugha nyingi. Lakini majina ayatajayo Sayyid Abdalla si ya Firauni wala Kaisari. Ni watu wa mji wake, na wamo jamaa zake mwenyewe, masharifu kama yeye. Ametoka kwenye bahari akaja kwenye kisima, kutoka kisimani akaja kwenye taa, kutoka kwenye taa akaingia nyumbani, na kutoka nyumbani amefika kwa nduguze. Duara lajifunga hatua kwa hatua, na katikati yake amesimama mtu mmoja.

Mtu huyo ni nani? Hapa twafika kwenye lile tuliloliweka katika anwani, yule asemezwaye, na kwa maoni yetu ndiyo hila kubwa kuliko zote za shairi hili. Tangu mwanzo wa waadhi, Sayyid Abdalla hasemi na watu. Hasemi enyi Waislamu, hasemi enyi vijana mliopotea, wala enyi mabwana mliodhulumu. Asema na moyo wake. Wewe moyo, mbona huamki? Wewe moyo, huoni? Wataalamu wa balagha huiita namna hii tajrid: mtu kuitoa nafsi yake ndani yake, akaisimamisha mbele yake kama mtu wa pili, akaihutubia. Ni namna kongwe katika ushairi wa Kiarabu, na wengine huitumia kwa pambo tu. Kwake si pambo. Mtunzi alikuwa sharifu, mwanachuoni, mtu wa nasaba katika mji uliojaa dhambi za wakubwa. Kama angetaka kuwanyoshea watu kidole, vidole alikuwa navyo na watu walikuwapo. Amekinyosha kwake.

Na hili lawahusu hasa wale wenye kupenda kukataza na kuamrisha, nao katika mizunguko ya darasa hawakosi. Kijana hujifunza aya mbili akatoka kumtahayarisha baba yake mbele ya jamaa. Akisoma Inkishafi kwa maana tu, atapata ndani yake silaha za kumpigia baba: dunia ni mazigazi, nyumba itakaliwa na popo, moto una majina saba. Akiisoma kwa umbo lake, atakuta hakuna mlango wa kumtokea mtu mwingine. Kila "wewe" iliyomo ni ya moyo wa msomaji mwenyewe, kwa kuwa anayelitamka shairi ndiye achukuaye mahali pa Sayyid Abdalla, na anayesemezwa yumo kifuani mwake. Msikilizaji aliyeketi mbele yake haambiwi kitu. Aachwa asikilize mtu akijilaumu. Na twaijua tabia ya wanadamu: asiyeambiwa husikia.

Twataja kwa kupita kwamba yalikuwako mabishano makubwa katika miaka ya 1970 baina ya walioona vina na mizani ni minyororo, na Euphrase Kezilahabi katika Kichomi, mwaka 1974, akatunga pasina hivyo, na waliovitetea. Ibrahim Noor Shariff akavitetea kwa kirefu katika Tungo Zetu, mwaka 1988. Hatutaki kuyafufua. Mwenye kutunga leo na atunge apendavyo, akiwa na la kusema. Lakini yule aliyesema kina ni pambo linaloweza kuvuliwa maana ikabaki, na aivue ile ye kutoka Inkishafi atuonyeshe kilichobaki.

Basi katika lile shauri, tulivyokubaliana ni hivi. Shairi litasomwa kama lilivyo, kwa Kiamu chake. Kila ubeti utaandikwa upande wa kulia wa ukurasa, na upande wa kushoto yatawekwa maneno magumu na maana zake kwa Kiswahili cha leo, na pale neno la Kidigo linapokuwa karibu zaidi na la Kiamu kuliko la vitabu, liandikwe la Kidigo. Watu wa Wasini na Vanga wenye Kivumba, na wa Shimoni na Msambweni wenye Kichifundi, waombwa watusaidie kwa maneno ya wazee wao, kwani katika lahaja za huku kusini pia yamo mengi ambayo vitabu vimeyasahau. Kazi hii itakwenda beti kumi kwa mwezi, na mwenye kuandika vizuri harufi za Kiarabu atapewa nakala ya pili kwa harufi hizo.

Darasa ifuatayo, inshallah, tutazisoma beti za nyumba za Pate peke yake. Kila mtu aje ameshazihesabu kwa vidole vyake, na aziwekee alama beti ambazo ye yake inatokana na kitenzi cha jambo lililokwisha, na zile ambazo inatokana na kitu kingine, tulinganishe hesabu zetu. Na mwenye nakala ya mkono nyumbani kwao, hata kama ni karatasi mbili zilizoliwa na mchwa, twamwomba sana aje nayo. Tutainakili mbele yake na kumrudishia usiku ule ule.